V8 ina nguvu nyingi, lakini kilio ni cha gia

Katika nchi hii, V8 si aina ya injini tena. Ni jina la cheo. Mtu akisema kwamba mgeni wa heshima aliwasili na V8, hakuna anayeuliza gari lenyewe ni la kampuni gani. Kila mtu ameshaona akilini Land Cruiser kubwa yenye vioo vya giza, na yamkini nyingine inayoifuata nyuma. Lakini hebu mwulize huyo anayelisifu gari hilo lina gia ngapi, au difu yake ni ya kiasi gani. Atakutazama kana kwamba umemwuliza umri wa mama mkwe wake.

Msomaji mpenzi, leo ningependa tuzungumze juu ya malalamiko ya watu wanaomiliki magari haya yenye nguvu nyingi, yaliyoundwa kupita mahali ambapo barabara imekwisha. Nitashikilia zaidi Land Cruiser ya kazi, ile ambayo wenyewe Toyota huiita 70, kwa sababu ndiyo inayojulikana zaidi hapa kwetu. Ndiyo ya polisi, ya mashirika ya misaada, ya kubeba watalii Maasai Mara. Pia ndiyo inayotamaniwa na vijana wengi ambao bado wako chuoni na hawajui hata bei ya tairi lake moja.

Utaniambia kwamba wewe huna gari la aina hiyo na huna mpango wa kulinunua. Sawa. Lakini chama chenu kimewahi kufikiria kununua gari la kukodisha? Shemeji yako hana shamba Narok ambako wakati wa mvua ule udongo mweusi humeza hata trekta? Watoto wako hawajawahi kupelekwa safari katika gari la kukodi na dereva akateremka mlima mguu ukiwa juu ya breki kuanzia juu hadi chini? Mambo haya yanakuhusu.

Kwanza tufahamiane kuhusu lugha. V8 ni injini yenye silinda 8 zilizopangwa katika safu mbili za nne nne, zikiegemeana kwa umbo la herufi V. Basi. Herufi hizo hazisemi lolote kuhusu mafuta, gia, wala kama gari litatoka kwenye matope. V8 nyingi za kifahari zilizoletwa kutoka Japani, zile za muundo wa 200, zilikuwa za petroli, kwa kuwa Japani haikuuziwa muundo huo ukiwa na injini ya dizeli. Wengi waligundua jambo hilo kwenye kituo cha mafuta, si mahali pa kununulia gari.

Land Cruiser 70 ilianza kuuzwa mwaka wa 1984, na sura yake haijabadilika sana tangu hapo. Injini ambayo wengi wetu tumeizoea hapa Kenya ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2 yenye silinda 6 zilizosimama katika mstari mmoja. Ilitokea mwaka wa 1990 na haina turbo. Ni injini ya pole pole. Lori likikutangulia kwenye mteremko wa Mai Mahiu nawe unapanda, huna haja ya kuwa na haraka kwa sababu haraka yenyewe haipo. Lakini fundi wa Isiolo anaifungua na kuifunga huku akizungumza na wewe habari za mbuzi.

Mwaka wa 2007 Toyota iliweka ndani ya gari hilo hilo injini ya V8 ya dizeli ya lita 4.5 yenye turbo moja. Nguvu yake ilikuwa kilowati 151, na nguvu yake ya kusokota ilikuwa Newton-mita 430, ambayo ilianza kupatikana injini ikizunguka mara 1,200 tu kwa dakika. Nguvu ya kusokota ndiyo inayong'oa gari lililobeba mzigo kutoka mahali liliposimama. Kwa hivyo shangwe zilikuwa nyingi, hasa kule Australia ambako wakulima, wachimbaji madini na familia zinazovuta nyumba za magurudumu walilinunua gari hilo kama njugu. Na kwa kuwa walilinunua kwa wingi na kwa pesa zao wenyewe, wao ndio waliolalamika kwa sauti kubwa kuliko watu wote. Malalamiko yao yanatufaa, maana gari ni lile lile.

Lalamiko kubwa halikuwa la nguvu. Lilikuwa la gia.

Hebu mwanafunzi anayesoma ukurasa huu afikirie baiskeli mbili. Moja ni Black Mamba, ile ya chuma kizito inayobeba abiria na magunia kule Kisumu na Busia. Haina gia za kubadilisha. Ukifika kilimani unashuka na kusukuma. Ya pili ni ile ya kisasa yenye meno mengi nyuma. Ukipanda mlima unachagua jino kubwa: miguu inazunguka mara nyingi, gurudumu linaenda polepole, lakini unapanda. Ukifika tambarare unachagua jino dogo, na miguu inapumzika huku baiskeli ikikimbia. Miguu yako ndiyo injini. Gia hazikuongezei nguvu hata kidogo. Zinakubadilishia tu mwendo kuwa msokoto, au msokoto kuwa mwendo.

Sasa Land Cruiser ya V8 ilipewa gia tano za mkono, ikanyimwa ya sita. Mtu akiwa kwenye barabara ndefu ya lami, injini inazunguka kwa kasi kuliko inavyohitaji. Tupige hesabu kidogo, na usiogope. Tairi la kipimo cha 265/70R16 likizunguka mara moja gari husogea karibu mita 2.44. Ukienda kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka kama mara 683 kwa dakika. Difu ikiwa ya 4.1, maana yake ni kwamba propela huzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Katika gia ya nne, ambayo haipunguzi wala haiongezi kitu, injini itazunguka karibu mara 2,800 kwa dakika. Gia ya tano hupunguza hapo kiasi tu. Injini ambayo ina msokoto wake wote tayari kwenye mizunguko 1,200 inapigishwa kelele bila sababu, na mafuta yanakwenda.

Toyota wenyewe walisikia. Walipolirekebisha gari hilo mwaka wa 2016, walibadilisha gia ya pili na ya tano ili injini izunguke polepole zaidi. Walalamikaji walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea. Wengine walikuwa wamekwisha kulipa mafundi wabadilishe difu au giaboksi nzima.

Yalikuwako malalamiko mengine, nitayapitia kwa haraka. Alteneta ya V8 hiyo imewekwa chini, mahali ambapo matope na maji ya mto huifikia kwanza. Klachi ilionekana dhaifu kwa watu wanaovuta mizigo mizito, au walioiongezea injini nguvu kwa kuchezea kompyuta yake. Na ili V8 iingie mbele, upande wa mbele ulipanuliwa lakini ekseli ya nyuma ikaachwa ilivyokuwa, kwa hivyo magurudumu ya nyuma yamekaribiana kuliko ya mbele kwa karibu sentimita 10. Kwenye mchanga, ya nyuma hayapiti kwenye njia iliyochimbwa na ya mbele. Yanachimba yake. Mtu aliyewahi kukwama kule Chalbi anajua hiyo ni kazi ya ziada.

Halafu likatokea jambo ambalo liliwaudhi wapenzi wa V8. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 Toyota ilianza kuuza Australia Land Cruiser 70 yenye injini ya lita 2.8, silinda 4 tu, na giaboksi ya kujibadilisha yenye gia 6. Watu walicheka. Silinda nne katika Land Cruiser! Lakini soma nambari: kilowati 150, karibu sawa kabisa na V8, na Newton-mita 500, yaani 70 zaidi. Mwaka wa 2024 kampuni ikatangaza kwamba V8 inaondoka katika gari hilo kule Australia. Hata ile Land Cruiser ya wakubwa, muundo wa 300 uliotokea mwaka wa 2021, haina V8. Ina injini ya V6 na gia 10. Kwa maneno mengine, silinda zinapungua na gia zinaongezeka, na magari hayajadhoofika.

Sisemi kwamba V8 ni mbaya. Sauti yake peke yake ni burudani, na mwenye pesa zake haulizwi. Ninachosema ni kwamba anayechagua gari la porini kwa kuhesabu silinda anafanana na anayechagua mwalimu kwa kutazama suti.

Mfano mwingine wa kuchekesha unatoka Marekani. Jeep waliunda Wrangler Rubicon iitwayo 392, yenye V8 ya petroli ya lita 6.4 na nguvu za farasi 470. Ilitoka kama gari la mwaka wa 2021. Ukiiweka katika gia ya chini kabisa, injini huzunguka mara 48 hivi ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndugu yake mdogo, Rubicon ya V6 ya lita 3.6 yenye nguvu za farasi 285 na gia za mkono, alikuwa anafika mara 84, na baadaye kwa kuchagua difu nyingine akafika mara 100. Kwa hivyo yule dhaifu ndiye aliyeweza kutambaa juu ya mawe polepole zaidi, gurudumu likipanda jiwe kama konokono, bila dereva kukanyaga klachi wala breki. Mwenye V8 alikuwa na nguvu za kuruka, lakini juu ya mawe nani anataka kuruka?

Hapa kwetu tuna shule nzuri ya jambo hili. Ni mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka wa 1989 kwa nia ya kuchanga pesa za kujenga ua wa umeme kuzunguka msitu wa Aberdare. Ua huo ulikamilika mwaka wa 2009, nao una urefu wa karibu kilomita 400. Katika mashindano hayo hashindi mwenye mbio. Anashinda aliyefika kwenye vituo vyote kwa kutembea umbali mfupi zaidi, na hiyo maana yake ni kupita katikati ya korongo badala ya kulizunguka. Ukitazama magari yao utaona watu wamehangaikia gia za chini, difu za kufunga na mashine za kujivuta kwa waya. Mwendo wa kasi hawana habari nao.

Turudi kwenye gari la mtu wa kawaida. Ndani ya Land Cruiser 70 kuna mkono wa pili wa gia, mfupi, ulioandikwa H2, H4 na L4. Nimekutana na watu waliomiliki gari hilo kwa miaka mitatu na hawajawahi kuugusa. Wengine huugusa kila siku, na hao ndio wanaoumia zaidi.

H2 ni ya lami na barabara nzuri. Magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma. H4 husukuma magurudumu yote manne kwa mwendo wa kawaida, nayo ni ya matope, mchanga na barabara ya changarawe inayoteleza. Katika magari yenye habu za kufunga kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele, lazima ushuke uzizungushe hadi mahali palipoandikwa Lock, la sivyo unavuta mkono bure na magurudumu ya mbele hayapati kitu. Kukwama huku umevaa suti, ukiwa umesahau habu, ni aibu ambayo Wakenya wengi wameionja.

Sasa kosa linalokula pesa. Katika gari hili H4 hufunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja, zizunguke sawa. Lakini ukikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye matope hayo si neno, tairi litateleza kidogo na mambo yatalainika. Kwenye lami kavu halitelezi. Msokoto unajikusanya ndani ya propela na kisanduku cha gia mpaka usukani unakuwa mzito, gari linagoma kama punda, na mkono wa gia unakataa kutoka. Mwenye gari hulalamika kwamba giaboksi ya Toyota siku hizi ni mbovu. Giaboksi haina hatia.

L4 ndiyo gia ambayo mimi ningemfundisha kila dereva kabla ya kumpa ufunguo. Unasimamisha gari kabisa, unaweka L4, na kila gia inakuwa na msokoto karibu mara mbili na nusu ya kawaida, huku mwendo ukipungua kwa kiasi hicho hicho. Gia ya kwanza ikiwa ndani ya L4, injini huzunguka zaidi ya mara 40 kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Hata ile 1HZ isiyo na turbo inapanda mahali ambapo wewe mwenyewe ungepanda kwa mikono na miguu.

Na inateremka. Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wanisikilize. Wengi hudhani gia ya chini ni ya kupanda peke yake. Chukua mteremko mbaya wa mawe, kama ile njia ya kushuka bonde la Suguta, au hata barabara ya lami inayoshuka kutoka Tambach kwenda chini Kerio. Dereva akiweka gia ya juu au nyutro na kutegemea breki, breki zinapata moto. Breki ikipata moto kupita kiasi, inaacha kushika. Pedali inashuka hadi sakafuni na hakuna kitu. Sote tunakumbuka Salgaa, ambako madereva wa malori walilaumiwa miaka mingi kwa kuteremka wakiwa nyutro ili kuokoa dizeli. Jambo ni lile lile, mizigo tu ndiyo tofauti. Kwenye mawe weka L4 na gia ya kwanza, toa mguu kwenye klachi na kwenye mafuta, uache injini ishike gari. Kwenye lami baki H2, lakini shuka kwa gia ambayo ungeitumia kupanda mlima huo huo. Gari la gia za kujibadilisha nalo lina namna ya kuchagua gia ya chini kwa mkono, tena imo pale pale chini ya kidole chako, ila hatusomi kitabu cha gari.

Ukikodi gari la safari na dereva akateremka nyutro, una haki ya kumwambia, "Kaka, tafadhali weka gia." Usione haya.

Sasa nije kwenye matairi, maana ndiyo maradhi ya mjini. Jirani yangu mmoja alinunua Land Cruiser iliyokwisha tumika, nzuri tu, akaivalisha matairi ya inchi 35 ili ionekane ya kiume. Baada ya miezi miwili akaanza kulalamika kwamba gari limekwisha nguvu. Mlimani ni gia ya pili, mafuta yanaisha, klachi inanuka. Fundi wa kwanza akambadilishia nozeli. Wa pili akafungua pampu ya dizeli. Pesa zilizokuwa za karo ya muhula zikaingia huko. Fundi wa tatu, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alizunguka gari mara moja akasema, "Mkubwa, hii injini haina ugonjwa. Umeivalisha viatu vya kaka yake."

Hesabu yake ni rahisi. Tairi la 265/70R16 lina kimo cha milimita 777. La inchi 35 lina milimita 889. Hiyo ni tofauti ya asilimia 14. Ni kama umemnyang'anya gari jino la kupandia mlima: difu ya 4.1 inafanya kazi kana kwamba ni ya karibu 3.6. Ili kurudisha hali ilivyokuwa angehitaji difu ya kama 4.7 mbele na nyuma, zote mbili, maana ukibadilisha moja ukaacha nyingine halafu ukaweka H4, utavunja kitu kabla ya kumaliza uwanja. Zaidi ya hayo spidomita inadanganya. Ikikuonyesha 50 mjini, wewe unakwenda 57. Askari wa trafiki mwenye mashine yake hatajali kisa chako cha matairi.

Kinyume chake pia ni kweli. Yule mwenye V8 ya gia tano anayelalamika kwamba injini inapiga kelele barabarani, matairi makubwa kidogo humpunguzia kelele hiyo, kwa sababu anao msokoto wa kutosha kuyazungusha. Mwenye 1HZ akimwiga, amejichimbia shimo. Tairi linalofaa gari moja ni sumu kwa jingine, ingawa kwa nje mtu hawezi kuyatofautisha.

Na familia inayotaka Prado? Huko nako kilio cha gia kipo. Prado TX ya petroli ya lita 2.7 iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani ilikuwa na gia 4 tu za kujibadilisha hadi mwaka wa 2015, kisha ikapewa 6. Gari zito, injini ndogo, gia nne: ukiwa na watoto, nyanya yao na viazi vya shambani, kila mlima ni mjadala kati ya gia ya pili na ya tatu. Magari yanayoingia sasa kutoka nje ni ya baada ya hapo, kwa sababu ya ile sheria ya miaka 8, lakini ya zamani bado yanauzwa kwa mikono hapa nchini. Angalia mwaka kabla ya kuangalia rangi.

Prado ya dizeli ya lita 2.8 ilianza mwaka huo huo wa 2015 ikiwa na gia 6 tangu mwanzo, na inakwenda vizuri. Kilio chake ni kingine, nacho kilifika mahakamani Australia. Katika bomba la moshi kuna chujio la masizi, ambalo linatakiwa kujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo moto ukiwa mkali. Katika magari mengi ya injini hiyo chujio lilishindwa kujisafisha vyema, likatoa moshi mweupe na kula mafuta. Mwaka wa 2022 mahakama iliamua dhidi ya Toyota katika kesi iliyohusu Hilux, Fortuner na Prado zipatazo 264,000 zilizouzwa kati ya 2015 na 2020, na rufaa zikafuata. Mtu anayeishi Buruburu na kufanya kazi Upper Hill, akiendesha Prado hiyo katika foleni asubuhi na jioni, halipi gari nafasi ya kuyachoma masizi. Taa ikiwaka, limpeleke Thika au Naivasha kwa mwendo wa barabara kuu bila kusimamasimama, kisha aone. Ikibaki imewaka, ni ya fundi. Wapo watakaokushauri ulikate chujio ulitupe. Moshi huo utawafuata watoto wako hadi kwenye lango la shule.

Nimalizie na mambo ya kufanya siku ya kulijaribu gari lililokwisha tumika, kwa sababu wauzaji wengi hukupeleka kwenye lami tu, mzunguko mmoja, na redio ikiwa juu. Zima redio. Omba mkapate mahali penye udongo au changarawe. Likiwa na habu za mkono, shuka uzifunge mwenyewe, uone kama zinazunguka au zimeganda kwa kutu, maana habu iliyoganda ni ishara ya gari ambalo halijaenda popote au halijatunzwa. Weka H4, uende mita 100 kwa mstari ulionyooka. Simama, weka L4, uanze kwa gia ya kwanza bila kukanyaga mafuta. Gari linapaswa kutambaa lenyewe. Likinguruma kama mashine ya posho, au mkono ukiruka kutoka L4 wenyewe, hilo ni tatizo la ndani ya kisanduku. Tafuta mteremko mfupi, uache injini ilishike, usikilize tena. Kisha mwambie fundi wako alale chini afungue kifuniko cha mafuta cha difu ya mbele, ya nyuma na cha kisanduku cha pili. Mafuta yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia, na muuzaji atakuapia kwamba gari hilo halijawahi kuvuka mto.